Wapambaji na wauza maua wa Dar: kwa nini waridi linainamisha shingo kabla bibi harusi hajaingia ukumbini?

#1 Mpambaji wa Sinza
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Napamba kumbi, huu mwaka wa 3. Maua yangu mengi ni mawaridi ya Arusha, yanashuka na basi la usiku. Ijumaa nimeyapokea stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri, maboksi mawili, mashina 400, yamefumba vizuri, ukiyabonyeza magumu. Nikayaleta Sinza kwa bajaji, nikayatumbukiza kwenye ndoo za maji ya kisima, nikalala. Jumamosi saa tisa alasiri nimeshamaliza meza kuu, naona la kwanza linainama. Likafuata la pili. Kufika saa kumi na mbili meza nzima imeinamisha vichwa kama watu wanaoombewa dua. Ua lenyewe halijanyauka, rangi ipo, shingo tu ndiyo imelegea. Mama wa bibi harusi kaja, kasimama pale, kaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, haya maua yanaomboleza nini?"

Kwenye pesa ya kumalizia wamekata laki na nusu.

Msimamo wangu: ni maji ya kisima. Ya huku kwetu yana chumvi, hata sabuni haitoi povu. Mwenye ujuzi anikosoe. Nawasilisha.

#2 Jirani wa Kimara
Nimekaa pale. Ngoja waje wenyewe.

#3 dereva_wa_usiku
Uzi wa maua hauna hata picha moja? Mods mpo?

#4 Mama Shada
Pole mwanangu. Nimeuza maua barabarani tangu stendi ikiwa Ubungo, hilo la shingo nimelilia sana. Usikimbilie kisima. Nijibu matatu kwanza. Ulipoyatoa kwenye boksi ulikata vitako vya mashina? Majani ya chini uliyatoa au yalizama majini? Na ndoo, mara ya mwisho kuoshwa ilikuwa lini? Kuoshwa ninayosema ni kwa sabuni na brashi. Kusuuza usinitajie.

#5 Fundi Pampu
Mama Shada kwa heshima zote, usiidharau chumvi. Nachimba visima kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, kuna maji huku ukichemshia chai huhitaji kuuliza kama kuna chumvi. Ua linavuta maji, chumvi inabaki kwenye jani, ncha zinaungua. Mpambaji yuko sahihi.

#6 Mpambaji wa Sinza
Mama shikamoo. Kukata sikukata, si yameshakatwa shambani? Majani nilitoa machache. Ndoo ni zilezile za kila wiki, nasuuza.

#7 Mama Shada
Marahaba. Ewaa, sasa tunaelewana.

Yamekatwa shambani juzi, mwanangu. Shina la waridi ndani ni mirija, na linavuta maji muda wote kama mtoto na mrija wa juisi. Ukilikata, ile sekunde ya kwanza linavuta hewa badala ya maji. Hewa ikikaa mle, hata uliweke kwenye bahari ya maji baridi halitakunywa. Lazima ukate upya sentimita 2 au 3, kwa kisu kikali, mshazari, na ukiweza ukatie ndani ya maji. Mkasi wa karatasi weka pembeni, unabana mirija.

Na ndoo yako pitisha kidole kwa ndani. Ukikuta utelezi, huo utelezi ndio unaoziba mirija kwa chini. Bakteria wanakula majani uliyozamisha, wanazaana, waridi linakufa kiu huku limesimama majini. Shingo ndipo mahali laini kuliko pote, kwa hiyo inatangulia kuanguka.

#8 Meno ya Meru
Nimefanya kazi banda la kufungashia maua kule Usa River, Arusha, miaka 6, naomba niongeze, na kidogo nitampinga mama.

Kukata upya ni kweli. Ila waridi la kwenda nje likishakatwa linaingia kwenye maji yenye dawa, kisha chumba cha baridi, nyuzi 2 hadi 4, na linatakiwa libaki na baridi hiyo mpaka linafika kwa mnunuzi. Lako limetoka baridini, likaingia kwenye buti la basi, kilomita mia sita na ushee, linapita Same na Korogwe kwenye joto. Ua lililokatwa bado linapumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyochoma sukari yake haraka. Ukilipokea alfajiri unaliona zuri kwa sababu bado limefumba, kumbe limeshakula akiba yote.

Halafu hilo "yamefumba vizuri, magumu" linanitia shaka. Likikatwa changa mno, shingo haijakomaa, haijawa na mti ndani. Hilo hata ulipe maji ya zamzam litainama na halitafunguka. Mengine yanayoshushwa Dar ni yale yaliyokataliwa kwenye daraja la kwanza. Samahani kwa ukweli.

#9 Mangi wa Mabibo
Nyote mmesahau abiria mwenzake waridi. Basi la Arusha linapita Moshi, na buti la basi linalopita Moshi mnajua lina nini. NDIZI. Ndizi ikiiva inatoa gesi ya ethilini, ndiyo hiyo inayoivisha wenzake. Ua nalo likiivuta linadhani uzee umefika. Mimi nipo soko la Mahakama ya Ndizi kila siku, jirani yangu aliwahi kuuza maua pale hakumaliza mwezi.

#10 Jirani wa Kimara
Mangi umeanza kulaumu ndizi zenu mwenyewe, dunia inaisha 😂

#11 Meno ya Meru
Mangi, gesi ni kweli lakini umeizidishia makali. Mikungu inayosafiri kutoka Moshi ni mibichi, mibichi inatoa kidogo sana. Hatari ni mbivu, na papai, na maembe yaliyoiva. Pia maua hayafanani. Kaneshoni ukiliweka karibu na ndizi mbivu linajikunja kama limelala usingizi, halifunguki tena. Mawaridi inategemea aina, mengine yanaangusha petali, mengine hayajali. Na gesi hiyo kawaida inaangusha petali au majani. Shingo ya Mpambaji imelegea petali zikiwa zimekaa, hapo mimi naona maji yamekwama.

#12 Mwalimu wa Kemia
Nyongeza fupi kuhusu ethilini, maana watu wanadhani ni hadithi za sokoni. Mwaka 1901 Mrusi Dimitry Neljubow alikuwa anaotesha njegere maabara mjini Saint Petersburg, zikawa zinakua zimepinda. Akagundua ni gesi iliyovuja kutoka kwenye taa, na ndani yake ethilini ndiyo yenye kosa. Moshi wa magari unayo, wa sigara unayo, wa jenereta unayo. Kwa hiyo hata bajaji ya Mpambaji ni mtuhumiwa.

#13 Mpambaji wa Sinza
Mwalimu bajaji usiiguse, ndiyo inanilisha 🙏

#14 Kapera Tabata
Samahani kuingilia, hapa kuna mtu anajua mambo ya maua ya kwenye kopo? Nimenunua fikasi kwa wauza miche wa barabarani, imejaa majani inang'aa. Nimeiweka sebuleni karibu na TV, wiki mbili majani yanadondoka kila nikigeuka. Namwagilia kila siku, sijaikosea.

#15 Mzee wa Mbezi Juu
Vijana mnahangaika. Sisi zamani tulikuwa tunatumbukiza senti tano kwenye jagi, ile ya shaba nyekundu yenye samaki. Ua linakaa wiki.

#16 Fundi Pampu
Shikamoo mzee. Sasa hiyo senti tano tutaipata wapi mwaka huu?

#17 Mwalimu wa Kemia
Mzee, heshima yako. Shaba kweli inaua bakteria, lakini kwenye maji ya kawaida haiyeyuki ya kutosha kufanya kazi hiyo. Nadhani lililosaidia ni kwamba aliyekuwa na utaratibu wa kutafuta senti tano alikuwa pia na utaratibu wa kubadilisha maji.

#18 Mzee wa Mbezi Juu
Marahaba. Aliyekuwa anabadilisha ni marehemu mke wangu. Inawezekana una hoja.

#19 Rozi Halisi
Mimi natia Panadol mbili na maua yangu hayana shida.

#20 Mama Shada
Panadol ya nini mwanangu, limeumwa kichwa? Wanaosema dawa wanasema asprini, maana ile inatia uchachu kwenye maji, na maji yenye uchachu kidogo yanapanda vizuri kwenye shina. Panadol ni kitu kingine. Na hata hiyo asprini, mimi nimeijaribu sijaona tofauti ya kuniambia niache ndimu ninayotia majini.

#21 Rozi Halisi
Lakini yanakaa siku 6 mama.

#22 Mama Shada
Chumba chako kina AC na unabadilisha maji kila siku, ulishasema kwenye ule uzi wa mapazia. Mshukuru fundi AC.

#23 dereva_wa_usiku
Mama Shada ana kumbukumbu kuliko TRA.

#24 Bi Asumini
Assalaam alaykum. Nyie mnazungumzia mawaridi ya boksi, naomba nilete la kwetu. Bibi yangu Magomeni alikuwa anatunga vikuba vya maharusi, vile vishada vya kunukia, kwa asumini, mrehani, mkadi. Asumini halichumwi limefunguka. Unachuma jioni kabla ya Magharibi, bado limefumba kama punje ndefu ya mchele, unatunga na uzi haraka, na linafunguka lenyewe usiku kwenye nywele za mwenyewe. Harufu inatoka pale pale linapofunguka. Ukichuma lililofunguka umenunua harufu ya jana.

Na kulihifadhi: kitambaa cha pamba kimelowa kikakamuliwa hadi kisitone, ukifunike juu, nje unafunga jani la mgomba. Maji yasiguse petali, tone likikaa linaacha doa la kahawia. Mwaka juzi nilijifanya mjanja nikaweka vikuba 30 kwenye friji. Asubuhi vyote rangi ya chai ya maziwa. Nililia.

#25 Jirani wa Kimara
Jani la mgomba tena! Mangi kasema ndizi ni muuaji.

#26 Mangi wa Mabibo
Jani si ndizi mbivu. Soma uzi kabla ya kuchangia.

#27 Meno ya Meru
Bi Asumini umegusa jambo kubwa. Watu wanasikia "baridi inahifadhi" wanaweka kila kitu kwenye friji. Waridi linapenda baridi, limezoea. Maua ya joto kama anthuriamu, helikonia na okidi za huku yakikaa chini ya nyuzi 12 hivi yanaungua kwa baridi, yanageuka meusi. Ua la pwani lihifadhi kivulini tu, kwenye unyevu. Tena friji ya nyumbani ina embe na papai ndani, turudi kwa Mangi.

Na maji ya Arusha nayo msiyaonee wivu. Huku Meru yana floraidi nyingi, jabera ukiziweka ncha za petali zinaungua. Meno yangu yenye madoa ni shahidi, ndiyo maana nina jina hili.

#28 Kapera Tabata
Fikasi jamani 🙏 leo limeshuka fungu zima.

#29 Mpenda Kijani
Kapera acha kumwagilia kila siku. Kopo lina tundu chini? Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo kama uji, mizizi inaoza. Ndiyo kosa la watu wote wa mjini, mnapenda kwa maji.

#30 Mama Shada
Kuna na ujanja wa wauzaji, niuseme, wenzangu wanisamehe. Mche unachimbuliwa ardhini asubuhi, mizizi inakatwa kwa panga itoshe kwenye kopo, jioni unauzwa. Juu msitu, chini kisiki. Lazima uangushe majani, hauna kwa kunywea. Ukinunua shika shina uvute kidogo, ukiona unacheza kwenye udongo, rudisha.

#31 Meno ya Meru
Au hakuna maradhi yoyote. Fikasi ilizaliwa kwenye jua la barabarani, ghafla ikahamia gizani karibu na TV. Inaangusha majani ya jua ili iote ya kivuli. Irudishe karibu na dirisha, isiguswe wala isihamishwehamishwe. Kila ukiihamisha inaanza upya.

#32 Kapera Tabata
Kwa hiyo nimwagilie, nisimwagilie, niirudishe kwa muuzaji, au niisogeze dirishani?

#33 Jirani wa Kimara
Ndiyo.

#34 Shemeji wa Watu
Mimi nilimpelekea mke wangu mawaridi tarehe 14 Februari. Kaniuliza bei. Nikamwambia. Kaniambia ungeleta mchele kilo 10 ningekupenda mpaka Aprili. Hayo maua alinipa niyaweke mwenyewe.

#35 dereva_wa_usiku
Mchele haulegei shingo.

#36 Mwalimu wa Kemia
Turudi kwenye maji. Kwa anayetaka chakula cha maua cha nyumbani: lita 1 ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha JIK (ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe), vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu. Sukari ni chakula, ndimu ni uchachu, JIK inazuia bakteria. Zingatieni: JIK na ndimu MSICHANGANYE vikiwa vitupu bila maji kwenye kikombe, inatoka klorini, itawachoma mapafu. Weka maji yote kwanza, kisha ndimu, kisha JIK, na dirisha liwe wazi.

#37 Fundi Pampu
Na Sprite? Nimeona kumbi nyingi wanamimina Sprite.

#38 Mwalimu wa Kemia
Inafanya, ina sukari na uchachu tayari. Soda sehemu 1, maji sehemu 3, na bado matone ya JIK yanahitajika. Isiwe ile isiyo na sukari, hapo utakuwa umeyaburudisha maua bure.

#39 Mpambaji wa Sinza
Kumbe! Mimi mwaka jana niliweka sukari peke yake, vijiko vitano. Siku ya pili maji yalikuwa mazito kama togwa na yananuka.

#40 Mama Shada
Uliwapikia bakteria harusi yao.

#41 Bi Asumini
Na lile pangaboi la ukumbini mbona halitajwi? Ua linatoa maji kwa majani. Upepo ukipiga linatoa haraka kuliko linavyovuta. Nimeona shada limekaa chini ya pangaboi limenyauka, la kona limesimama, ndoo moja, siku moja.

#42 Mpambaji wa Sinza
Bi Asumini umenishtua. Meza kuu ilikuwa chini ya mapangaboi MAWILI.

#43 Rozi Halisi
Na ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua uliilowesha vipi? Kama uliikandamiza kwa mkono izame, katikati inabaki kavu. Unaiachia juu ya maji, inazama yenyewe taratibu. Na ukishachomeka shina usilivute juu urekebishe, unaacha tundu la hewa chini yake, linakuwa limechomekwa hewani.

#44 Mama Shada
Hapo Rozi nakupa heko. Nimesamehe Panadol.

#45 Mpambaji wa Sinza
Niliikandamiza kwa mkono. Tena kwa ngumi.

#46 Chipukizi wa Kilimo
Swali dogo, ukiwa na bustani yako ukate asubuhi au jioni? Mwalimu wetu alisema asubuhi, mama yangu anasema jioni.

#47 Meno ya Meru
Wote wako sahihi. Asubuhi shina limejaa maji. Jioni limejaa sukari liliyotengeneza mchana kutwa. Kwa joto la Dar mimi ningekata alfajiri. Mchana ndiyo marufuku.

#48 Mpambaji wa Sinza
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilibakiwa na mawaridi 20 ya boksi la wiki hii, nikagawa ndoo 4, matano matano.

Ya 1: kisima, sikukata. Yameinama siku ya pili, matano yote.
Ya 2: kisima, nimekata upya ndani ya maji, ndoo imesuguliwa. Leo siku ya nne, manne yamesimama.
Ya 3: maji ya bomba ya DAWASA, sikukata. Matatu yameinama siku ya pili.
Ya 4: DAWASA na mchanganyiko wa mwalimu, nimekata. Matano yamesimama na yamefunguka makubwa kuliko yote.

Na yale yaliyoinama siku ya pili nilifanya alivyonielekeza mzee mmoja wa maua: nimekata upya, nimeyaviringisha na gazeti shingo ziwe wima, nimeyazamisha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka karibu na kichwa, saa 4. Matano kati ya manane yameinuka. Niliita watu wa nyumbani waje waone.

#49 Fundi Pampu
Unaona? Ya kwanza na ya tatu zote hazikukatwa, ya kisima yameinama matano, ya DAWASA matatu. CHUMVI.

#50 Mama Shada
Unaona? Ya kisima yaliyokatwa yamesimama. NDOO NA KISU.

#51 Meno ya Meru
Matano matano ni machache, mawili ya tofauti hayasemi kitu. Na yote yametoka boksi moja, kwa hiyo suala langu la kukatwa changa halijapimwa kabisa.

#52 Mangi wa Mabibo
Ndoo zilikuwa chumba gani? Kuna ndizi humo?

#53 Mpambaji wa Sinza
Varandani. Ndizi hamna. Ila ya 1 ilikuwa karibu na mlango, upepo unapita.

#54 Bi Asumini
Upepo. Sina la ziada.

#55 dereva_wa_usiku
Na picha bado hamna.

#56 Mpambaji wa Sinza
Picha nitaweka nikinunua bando. Jumamosi hii nina harusi nyingine, Tegeta. Nimeshanunua kisu, brashi, JIK chupa mbili, na nimemwambia konda aweke maboksi mbali na mikungu. Kaniuliza kama maua yanaogopa ndizi. Nikamwambia kuna uzi.

#57 Kapera Tabata
Nimeisogeza dirishani, kumwagilia nimepunguza, na nimevuta shina halichezi. Yamebaki majani 11. Nayahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jana yalikuwa 12, lakini hilo moja nahisi nimelidondosha mimi kwa kulihesabu.